Mwalimu Anajibu: Clara Zetkin, bibi aliyefungua bunge mbele ya Wanazi

Katika toleo lililopita nilieleza kwa ufupi asili ya Siku ya Wanawake Duniani, nikamtaja Mjerumani mmoja, Clara Zetkin, kisha nikapita. Wasomaji hamkukubali nipite. Zimekuja barua kutoka Kirumba, Bukoba, Ukerewe, hata kwa watu nisiotarajia kuwa wanasoma ukurasa huu, na nusu ya barua hizo zinagombana zenyewe kwa zenyewe. Nafasi yote ya leo nimempa yeye. Nilifundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na kwa miaka yote hiyo mwanamke huyu hakuwahi kuwemo katika muhtasari wa somo zaidi ya jina. Nina hamu naye ya siku nyingi.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Mwaloni. Kila Machi 8 tunashona sare za kitenge, tunaandamana hadi Furahisha, tunasikiliza hotuba, kisha tunarudi kwenye dagaa wetu. Mwaka huu mgeni rasmi alisema siku hii ilianza New York mwaka 1857, wanawake wa kiwandani walipopigwa na polisi. Wewe umeandika kuwa ilianzia kwa Mjerumani. Tushike lipi?
*Mchuuzi, Mwaloni, Kirumba*

Marahaba mwanangu. Hiyo habari ya New York imesemwa majukwaani miaka mingi, lakini waliokwenda kuitafuta katika magazeti ya mji ule ya wakati ule hawakuikuta. Jambo la kweli la mwaka 1857 ni kwamba tarehe 5 Julai, katika kijiji cha Wiederau, Saxony, mke wa mwalimu wa shule alijifungua mtoto wa kike, na huyo ndiye Clara. Yeye pia alisomea ualimu, mjini Leipzig.

Siku yenyewe ilizaliwa Copenhagen, Agosti 1910, kwenye mkutano wa wanawake wa kisoshalisti. Walikuwa wanawake wapatao mia moja kutoka nchi 17. Clara na wenzake wa Ujerumani walileta pendekezo kwamba kila mwaka wanawake wa nchi zote wawe na siku yao, na dai kubwa la siku hiyo liwe haki ya kupiga kura. Pendekezo likapita. Tarehe haikupangwa.

Mwaka uliofuata, 19 Machi 1911, wanawake wa Ujerumani, Austria, Denmark na Uswisi wakatoka barabarani, inakadiriwa zaidi ya watu milioni moja kwa jumla. Tarehe ile ilikuwa ya kukumbuka mapinduzi ya Machi 1848 pale Berlin, mfalme wa Prussia alipotishika akatoa ahadi nyingi, ya kura ya wanawake ikiwamo, na hiyo hakuitimiza. Nawe utakumbuka kwamba Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 Machi 2021, yaani miaka 110 kamili baada ya maandamano yale ya kwanza. Hakuna aliyeipanga iwe hivyo, lakini mimi siku ile niliikumbuka Berlin.

Hii tarehe 8 ililetwa na Warusi. Mwaka 1917 wanawake wa viwanda vya nguo vya Petrograd waligoma siku hiyo wakidai mkate, wanaume wakawafuata, na haikupita wiki mbili Mfalme Nicholas wa Pili akaachia kiti. Mwaka 1921 wanawake wa vyama vya kikomunisti wakaamua kwamba 8 Machi ndiyo iwe siku ya wote. Umoja wa Mataifa ulianza kuiadhimisha mwaka 1975.

Sasa nikuongezee ambalo hukuuliza. Julai 1889 Clara alisimama Paris mbele ya mkutano wa wasoshalisti wa nchi nyingi. Alikuwa na miaka 32, mjane wa miezi michache, na wasikilizaji wake karibu wote walikuwa wanaume, ambao baadhi yao walitaka wanawake waondolewe viwandani kwa sababu eti wanashusha mishahara. Akawajibu kwamba anayeshusha mshahara ni yule mwenye kiwanda anayemlipa mwanamke nusu, na kwamba mwanamke anayetegemea mkono wa mtu mwingine kwa chakula chake atakuwa chini ya mkono huo hata sheria ziandikwe vipi. Hakuliacha neno hilo mpaka kufa.

Ninyi mnanunua dagaa alfajiri mitumbwi ikifika, mnaanika, mnageuza, mvua ikinyesha hasara ni yenu, kisha mnasafirisha. Mtumbwi, taa na nyavu ni vya tajiri. Clara angepita pale Mwaloni siku ya Machi 8, naamini swali lake la kwanza lingekuwa mtumbwi ni wa nani, na la pili bei ya karai inapangwa na nani. Kitenge vaeni, kinapendeza. Lakini hayo mawili yaulizeni pale Furahisha, mgeni rasmi akiwa bado ameketi.

Mwalimu, shikamoo. Nipo kidato cha tano, mchepuo wa HGL. Tulipokuja Mwanza kwa ziara tulipiga picha kwenye Jiwe la Bismarck. Je, huyu Bismarck na Clara Zetkin walikutana wapi? Na Wajerumani wasoshalisti walisema nini juu ya makoloni yetu?
*Mwanafunzi, Bukoba*

Marahaba. Ana kwa ana hawakukutana, ila maisha ya Clara yaligeuzwa na mkono wa Bismarck, kama yalivyogeuzwa maisha ya babu zako.

Jiwe lile pale karibu na kivuko cha Kamanga limesimama majini tangu kabla ya mtu yeyote kulipa jina. Bismarck mwenyewe hakukanyaga Afrika. Alikuwa Kansela aliyewakusanya mabeberu Berlin mwaka 1884 wakae mezani kugawana bara hili, na miaka sita kabla ya hapo, Oktoba 1878, alikuwa amepitisha sheria ya kuwapiga marufuku wasoshalisti. Mikutano yao ilikatazwa, magazeti yao yakafungwa, viongozi wakafukuzwa mijini. Sheria ile ilidumu hadi 1890.

Clara alikuwa binti wa miaka 21 ilipopita. Pale Leipzig alikuwa amejuana na wakimbizi wa Kirusi, mmoja wao Ossip Zetkin, seremala na mwanamapinduzi kutoka Odessa. Ossip alifukuzwa nchini. Clara akaondoka baadaye, akafika Zürich, na huko akaingia katika kazi ya kuvusha gazeti la chama kwa siri hadi ndani ya Ujerumani. Mwishoni mwa 1882 alimfuata Ossip Paris. Hawakufunga ndoa ya serikali, kwani angepoteza uraia wake wa Ujerumani, ila alichukua jina lake. Walizaa wavulana wawili. Waliishi kwa kufundisha na kutafsiri, katika chumba ambacho kodi yake ilikuwa shida kila mwezi. Ossip aliugua uti wa mgongo, akapooza, akafa Januari 1889. Ile hotuba niliyoitaja kwa dada yako wa Mwaloni aliitoa nusu mwaka baada ya maziko.

Sheria ilipokufa alirudi nyumbani, akakaa Stuttgart. Kuanzia 1892 akahariri gazeti la wanawake wafanyakazi, Die Gleichheit, kwa miaka 25. Kabla ya Vita Kuu lilikuwa likitoa nakala zaidi ya 100,000. Hapa angalia jambo moja ambalo vitabu vyenu hulipita: katika sehemu kubwa ya Ujerumani, Prussia ikiwamo, sheria ilimkataza mwanamke kujiunga na chama cha siasa mpaka mwaka 1908. Wakafanyaje? Kila mji wanawake walimteua mmoja wao kuwa mtu wa kuaminiwa. Hana kadi, hana ofisi, hana kamati ambayo polisi angeweza kuivunja. Alikuwa yeye tu, na wenzake walijua nyumba yake. Mtandao huo ndio Clara aliousuka, na chama kiliporuhusiwa kuwapokea wanawake, walikuja tayari wamejipanga.

Kuhusu makoloni, soma uchaguzi wa Januari 1907. Bunge lilivunjwa Desemba 1906 kwa sababu ya ubishi juu ya fedha za vita vya Namibia, ambako Waherero na Wanama walikuwa wakiangamizwa, na wakati huohuo hapa kwetu Majimaji ilikuwa bado inazimwa. Serikali ikawaita wasoshalisti wasaliti wa taifa. Viti vyao vikaporomoka kutoka 81 hadi 43. Agosti mwaka huohuo wasoshalisti wa dunia walikutana Stuttgart, mjini kwa Clara, na baadhi ya Wajerumani wakatetea kwamba ukoloni si mbaya wenyewe, unaweza kuendeshwa kisoshalisti. Wazo hilo lilishindwa kwa kura chache. Andika katika daftari lako kwamba kulikuwa na wasoshalisti waliotaka kubaki na Mwanza.

Mwalimu wetu, salaam nyingi kutoka kisiwani. Chama chetu cha msingi cha pamba kiligawanyika pande mbili zilizokuwa zikichukiana kuliko zilivyomchukia mnunuzi aliyekuwa akitupunja mizani. Mwisho wake mnunuzi akatuchukua wote. Nimesoma mahali kwamba huyo Clara alihutubia bunge akiwa karibu kipofu na kuwataka wafanyakazi waungane dhidi ya Hitler. Kwa nini hawakuungana?
*Mwanaushirika, Ukerewe*

Salaam zimefika, ndugu yangu, na swali lako ndilo lililonifanya nitoe ukurasa mzima. Watu humkumbuka Clara kwa Copenhagen. Mimi namkumbuka zaidi kwa tarehe 30 Agosti 1932.

Turudi nyuma kidogo. Agosti 1914 wabunge wa chama chake cha wasoshalisti wa Ujerumani, SPD, walipiga kura kuipa serikali fedha za vita. Ndio hao waliokuwa wakiimba undugu wa wafanyakazi wa dunia. Clara, na rafiki yake Rosa Luxemburg, na wachache wengine, wakakataa. Inasimuliwa kwamba miaka ya nyuma, wawili hao walipochelewa chakula kwa sababu ya matembezi marefu na mzee August Bebel, kiongozi wa chama, akahofia wamepotea, Rosa alisema waandikiwe kaburini kuwa hapa wamelala wanaume wawili wa mwisho wa chama chetu. Vita vilipokuja maneno yale yakawa mazito. Machi 1915 Clara aliwakusanya Bern, Uswisi, wanawake wa nchi zilizokuwa zikiuana, Wajerumani na Waingereza na Warusi chumba kimoja, kudai amani. Aliporudi akatiwa gerezani Karlsruhe. Mwaka 1917 chama kikamnyang'anya gazeti lake. Januari 1919 Rosa aliuawa Berlin na wanajeshi wa kujitolea, wakati serikali iliyokuwa madarakani ilikuwa ya SPD hiyohiyo.

Jeraha hilo usilisahau. Wakomunisti, ambao Clara alijiunga nao mwaka huo, waliwatazama SPD wakaona damu ya Rosa. SPD waliwatazama Wakomunisti wakaona watu wanaopokea amri kutoka Moscow. Pande zote mbili zilikuwa na ushahidi.

Kisha ukaja mwaka 1928. Moscow ikaamua kwamba adui mkuu ni SPD, na ikawaita mafashisti wa kijamii, kana kwamba wao na Hitler ni ndugu wa tumbo moja. Chama cha Kikomunisti, KPD, chini ya Ernst Thälmann, kilifuata. Clara alilipinga jambo hilo katika vikao. Alikuwa na haki ya kulipinga kuliko wengi, maana Juni 1923, Mussolini akiwa hajamaliza hata mwaka madarakani kule Italia, Clara ndiye aliyetoa ripoti pale Moscow kueleza ufashisti ni kitu gani. Alisema haukujengwa na matajiri peke yao. Nyuma yake kuna umati wa wenye njaa, waliokata tamaa, wakiwamo wafanyakazi, watu waliowangoja wasoshalisti walete mabadiliko wakachoka kungoja. Ukitaka kuushinda, alisema, pigana nao, lakini pia wape watu hao chakula na tumaini. Mwaka 1923! Wengine walikuwa bado wanadhani ni genge la wahuni litakalopita.

Uchaguzi wa 31 Julai 1932 ulipohesabiwa, bunge la viti 608 lilikuwa hivi: Wanazi 230, SPD 133, KPD 89. Jumlisha hivyo viwili vya mwisho. Ni 222. Hawakufikia Wanazi, ila walikuwa karibu nao sana, na nyuma yao kulikuwa na vyama vya wafanyakazi, na mamilioni ya watu waliojua kugoma.

Kwa desturi ya bunge lile, kikao cha kwanza hufunguliwa na mbunge mwenye umri mkubwa. Clara alikuwa na miaka 75, mgonjwa, macho karibu yamekwisha, anaishi Urusi kwa matibabu. Wanazi walitoa vitisho kwamba atakiona akithubutu. Akasafiri. Ilibidi ashikwe mkono kufika kwenye kiti cha Spika. Mbele yake walikaa wabunge 230 wa Hitler, wamevaa sare zao. Sauti ilianza dhaifu, ikapata nguvu, na alizungumza zaidi ya nusu saa. Alishtaki serikali kwa njaa ya wasio na kazi. Akasema kazi ya kwanza, inayotangulia nyingine zote, ni umoja wa wafanyakazi wote kuurudisha nyuma ufashisti, na kwamba tofauti za siasa, za chama, za dini na za mtazamo zisiwazuie. Akamaliza kwa kutumaini kwamba, pamoja na maradhi yake, ataishi kufungua mkutano wa kwanza wa Ujerumani ya Kisovieti. Baada yake bunge likamchagua Spika wa kudumu: Hermann Göring.

Umeuliza kwa nini hawakuungana. Viongozi wa KPD walisikia neno umoja wakaelewa kuwa wafanyakazi wa SPD wawaache viongozi wao waje kwetu. Viongozi wa SPD waliamini katiba na mahakama vitamzuia Hitler, na hawakutaka kushikana mikono na watu waliowatukana mafashisti jana yake. Hata hotuba ya Clara ilikuwa na mipaka hiyo. Alipotaja Ujerumani ya Kisovieti mwishoni, mtu wa SPD aliyekuwa anataka kushawishika alipewa sababu ya kukaa kimya. Mimi namlaumu hapo. Umoja usiomwachia mwenzako nafasi ya kubaki alivyo ni mgumu kuupata.

Tarehe 30 Januari 1933 Hitler akawa Kansela. Februari bunge likaungua moto, Wakomunisti wakasakwa nyumba kwa nyumba. Thälmann alikamatwa 3 Machi, akakaa gerezani miaka 11, akauawa katika kambi ya Buchenwald Agosti 1944. Mei 1933 vyama vya wafanyakazi vilifutwa, Juni SPD ikapigwa marufuku. Walikutana hatimaye, katika kambi.

Mwalimu, habari za siku. Mimi ni mhandisi mstaafu, nakaa Isamilo. Miaka ya sabini nilisoma Ujerumani Mashariki. Tulianzia lugha Leipzig, pale Herder-Institut, na Jumapili tulitembea katika bustani ya Clara Zetkin. Sura yake ilikuwa kwenye noti ya marki 10. Tuliambiwa ni mtakatifu. Nchi ile imekufa. Nawe usije ukatuuzia mtakatifu tena. Alinyamaza wakati Stalin anaua watu?
*Mhandisi mstaafu, Isamilo*

Nzuri, mzee wangu, na nashukuru kwa ukali wako. Wewe uliishi ndani ya nchi ile, mimi nilisoma tu.

Nianze na lililo baya. Mwaka 1922 Moscow iliwashtaki viongozi wa chama cha Wasoshalisti Wanamapinduzi wa Urusi, watu waliowahi kufungwa na Mfalme kwa ajili ya ujamaa. Clara aliketi upande wa mashtaka. Watu 12 walihukumiwa kifo, ingawa hukumu ilisitishwa. Mwanamke aliyejua gereza, aliyempoteza Rosa kwa wauaji wasio na mahakama, alikubali kuwa sehemu ya kesi ambayo mwisho wake ulipangwa kabla haijaanza. Sina la kumtetea nalo.

Halafu kuna lile analostahili. Machi 1921 KPD ilipojaribu uasi wa kijinga katikati ya Ujerumani, aliupinga mbele ya Lenin mwenyewe. Mwaka 1928 walipotaka kuwafukuza akina Heinrich Brandler na August Thalheimer kwa kutaka ushirikiano na SPD, Clara alikuwa mmoja wa wachache mno waliokataa kikaoni Moscow. Mwaka 1929 alimwandikia Jules Humbert-Droz, mkomunisti wa Uswisi, kwamba chombo cha kimataifa cha wakomunisti kilichokuwa hai kimegeuka mashine iliyokufa, inayomeza amri kwa Kirusi upande mmoja na kuzitema kwa lugha mbalimbali upande wa pili. Maneno makali kuliko hayo sijayaona kwa mtu aliyekuwa akila na kulala Moscow.

Lakini ilikuwa barua kwa rafiki. Hadharani hakuyasema. Aliogopa kwamba akiyasema, maadui wa mapinduzi watafurahi, na kosa hilo tunalijua hata huku, la mtu mzima kuona ufa ndani ya chama na kuufunika kwa heshima ya chama. Alikufa 20 Juni 1933, Arkhangelskoye, karibu na Moscow. Stalin alikuwa miongoni mwa waliobeba majivu yake hadi ukuta wa Kremlin. Yale mauaji makubwa yalikuja baada yake. Heinz Neumann, aliyekuwa mbunge wa KPD, alipigwa risasi Moscow 1937. Hugo Eberlein, mmoja wa waanzilishi wa chama pamoja na Rosa, alipigwa risasi 1941. Hitler aliwasaka wakamkimbia, na Stalin akawamaliza huko walikokimbilia. Wilhelm Pieck alisalimika, ndiye akawa Rais wa kwanza wa nchi uliyosoma.

Kwa hiyo noti ile ya marki 10, mzee wangu, ilichagua nusu ya mwanamke. Baada ya 1990 wengine wakachagua nusu ya pili: barabara yenye jina lake karibu na jengo la Reichstag, Berlin, iliondolewa jina hilo mwaka 1995. Wewe mwenyewe unakumbuka jinsi Wajerumani wa pande mbili walivyogombana juu ya migongo yetu. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilikata msaada wa kijeshi kwa sababu tuliruhusu Mashariki wawe na ofisi Dar es Salaam baada ya Muungano, na Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue na misaada yao iliyobaki. Mashariki nao walijenga maghorofa Michenzani na kudai shukrani. Clara alikuwa mfu wa miaka thelathini na kitu. Mwachie makosa yake mwenyewe, yanamtosha. Hayo ya noti ni ya wengine.

Bustani yako ya Leipzig, hata hivyo, imebaki na jina lake.

Mwalimu shikamoo. Mimi ni muuguzi, nalea watoto wawili peke yangu. Wale wavulana wake waliishia wapi? Na hakuolewa tena?
*Muuguzi, Nyakato*

Marahaba mwanangu, pole na hongera kwa malezi. Aliolewa, mwaka 1899, na mchoraji Georg Friedrich Zundel, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 18. Waliishi vizuri muda mrefu nje kidogo ya Stuttgart, wakaachana rasmi mwaka 1928.

Wavulana aliwalea Paris mwenyewe, mmoja akiwa na miaka mitano na mwingine mitatu baba yao alipofariki, huku akiandika usiku. Wote wawili walisomea udaktari. Maxim, mkubwa, alikuwa daktari wa upasuaji. Alifanya kazi Urusi, na baada ya vita akarudi kujenga huduma za afya Ujerumani Mashariki mpaka akafariki mwaka 1965. Kostja, mdogo, ndiye aliyewahi kupendana na Rosa Luxemburg, na barua nyingi ambazo Rosa alimwandikia zipo mpaka leo. Alikuwa na mama yake miaka ya mwisho kule Moscow. Baada ya kumzika aliondoka Urusi, akapita Ufaransa, akavuka bahari kwenda Marekani, na alifariki Kanada mwaka 1980.